Mshenga Niliyemkataa Wembley

Mimi shule nimeishia darasa la saba, tena hilo la saba lenyewe nililimaliza nusu ya akili ikiwa sokoni Tanga. Lakini niulize yale maofisi ya ghorofa kule Croydon, London, yanasafishwa na nani. Mimi. Nilianza na ndoo na fagio, peke yangu, na mwaka wa mambo haya nilikuwa nimeshafikisha magari matatu yenye jina langu ubavuni, na watu wenye digrii wananiita bosi. Nayasema haya ili ujue kwamba mtu wa namna yangu hadanganyiki kirahisi. Nikiingia chumbani naona vumbi kabla sijaona kiti. Na watu nawaangalia hivyohivyo.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, "Dad, Jumapili twende Wembley tukaangalie American football," nilijua hapo pana jambo.

Binti yangu kazaliwa London. Kiswahili anakisikia chote, hata kile tunachonong'ona mimi na mama yake, lakini akijibu ni Kiingereza. Nikamuuliza tiketi kanunua nani. Akasema kijana mmoja anayefanya naye kazi hospitali, wazazi wake watu wa Dar, yeye kakulia Marekani. Huyo kijana nilikuwa nimeshamwona mara mbili mlangoni kwangu Edmonton, kanipa shikamoo zake, sikumpa kiti. Nikauliza tena, tutakwenda wangapi? Akageuka akaanza kuosha kikombe kilichokuwa safi.

"Wanne. Mjomba wake anakuja kutoka Houston. Anataka kukuona."

Basi. Mjomba wa mtu haruki bahari nzima kuja kuniangalia uso. Huyo ni mshenga, analeta posa. Ndoa yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Kijana ana dini, ana kazi. Lakini mtoto ninaye huyo mmoja, na niliona wazi kwamba wanataka kunichukulia mtoto wangu wampeleke Marekani, halafu mimi niambiwe maneno matamu. Nikajiapiza sitoi jibu lolote mpaka nijue binti yangu atakaa wapi, na niliamini kabisa kwamba ukweli hawatausema.

"Nenda, mume wangu," mke wangu akanambia, "lakini usiwajibu kitu hukohuko uwanjani."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi?"

Nikavaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Wembley ilikuwa ndiyo kwanza mpya, inanukia rangi, na mimi nikaanza kukagua. Kila mtu na jezi yake, hata za timu ambazo siku ile hazikuwa zinacheza. Nikajiuliza, hizi timu mbili zimesafirisha mabegi, ngoma na wasichana wa kucheza toka Marekani kuja kufanya nini kwenye mvua ya London? Kuna kitu wanauza. Nikashika vizuri mfuko wangu wa koti.

Tulipofika kwenye viti, kiti cha kushoto kwangu kilishakaliwa. Mzee mweusi, ndevu za mvi, kofia ya sufu, tumbo la heshima. "Karibu, ndugu yangu, karibu!" akaniambia kwa Kiingereza, kama ananisubiri. Binti yangu akakaa kulia kwangu, kijana akakaa baada yake, na kiti cha baada ya kijana kikabaki kitupu, kaweka koti lake. Sikukijali kile kiti. Nikasema moyoni, adabu hiyo, kampisha mjomba wake akae na mimi.

Nikamjaribu. "Habari za safari?"

Akacheka, akaomba nirudie kwa Kiingereza. Ahaa! Ndio watu wetu wa Marekani hawa, miaka michache tu lugha inawakwama kooni. Nikamuuliza kwa Kiingereza safari ilikuwaje.

"Ndefu, ndugu yangu. Treni mbili na basi."

Mtu ametoka Houston ananiambia basi. Nikaona ni mtu wa mizaha, na mtu wa mizaha ndiye hasa huchaguliwa kwenda kulainisha wazee. Halafu nikaona alichoshika mkononi. Karatasi, imekunjwa mara nne, imefungwa kwenye leso nyeupe.

Kwetu barua ya posa haibebwi hivihivi, hufungwa ndani ya leso safi, na mshenga ndiye huitoa. Ukiipokea, umeshafungua mazungumzo, na mahali ulipoipokea hapafutiki tena. Mimi nipokee posa ya mwanangu wa pekee katikati ya watu wanaokula chipsi?

Mchezo ukaanza, kama ule unaitwa kuanza. Mibaba imevaa mabega ya godoro na kofia za chuma, wanagongana, kufumba na kufumbua filimbi inalia, wanasimama. Wanakusanyika kwenye duara, vichwa chini, wanapeana siri. Makocha wanaongea wamejiziba midomo kwa karatasi. Refa anatupa kitambaa cha manjano, kinaanza kikao kingine. Nikaanza kuelewa kwa nini yule kijana kachagua mchezo huu na si mpira wetu. Mpira wetu haukupi nafasi ya kuongea. Huu una nafasi kila dakika, na kila uliposimama mzee wangu alinigeukia na kuanza kunieleza yale mambo kwa upole, mkono begani kwangu, leso mkononi.

Mapumziko akaniletea soseji ndani ya mkate.

"Sili kitu ambacho sijui kachinja nani," nikamwambia. Akaila yeye, hakununa. Hilo nalo likanitia wasiwasi.

Kipindi cha tatu mvua ikakaza. Mchezo ukasimama, na mzee akanigeukia akanyoosha mkono wenye leso. "Chukua hii. Naona umepotea kabisa. Itakusaidia."

Nikarudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Nikasimama.

"Mzee mwenzangu, siipokei," nikasema. Kiingereza changu ni cha kazini, hakina mapambo, kinafika kunakohusika. "Barua haipokelewi mpirani. Njoo nyumbani Edmonton na wenzako wawili, mvue viatu, mnywe chai, tuongee. Na kabla ya chai nataka kujua: mwanangu mnampeleka kukaa wapi?"

"Kaa chini wewe!" mtu wa nyuma akapiga kelele.

Mzee akanitazama, akaitazama leso. Akaifungua taratibu. Ndani ilikuwa karatasi ya majina ya wachezaji na namba zao.

"Nimeifunga isilowe," akasema. "Mimi ni dereva wa basi, natoka Croydon. Nimekuja peke yangu. Kwani binti yako anachukuliwa na nani?"

Upande wa pili binti yangu alikuwa ameficha uso kwa viganja. Akavitoa, akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili kisichokwaruza hata kidogo, "Baba, unamkataa nani?"

Kijana akasimama, maji yanamtiririka puani. "Shikamoo mzee." Ilikuwa ya tatu siku ile. "Mjomba hakuja. Paspoti yake imekwisha muda, wamemrudisha uwanja wa ndege kulekule. Tangu asubuhi natafuta jinsi ya kukwambia."

"Kwa hiyo umekaa hapa saa mbili unanificha."

"Ndiyo, mzee. Niliogopa. Naweza kusema mwenyewe?"

"Huwezi. Mtu hajiposei."

Dereva alikuwa anageuza shingo huku na huku. Binti yangu akamfasiria. "Sasa nani anaruhusiwa kusema?" dereva akauliza.

"Mtu mzima yeyote mwenye heshima zake," nikamwambia, "ila siyo yeye."

Akafunga vifungo vya koti lake, akaweka kofia sawa. "Nimebeba watu wa kila aina kwenye basi langu. Nipe swali lako nilibebe."

Akapita juu ya magoti yetu mpaka kwenye kile kiti kitupu, akaliondoa koti, akaketi. Pale na nilipo mimi ni viti viwili tu katikati, kila neno nalisikia. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikaangalia uwanjani kama kiziwi. Wakanong'ona. Akarudi juu ya magoti yetu.

"Anasema Marekani," akaniambia. "Houston. Kazi yake hapa inaisha mwakani. Anasema hataki kukudanganya."

Kichwani kwangu nilikuwa na majibu ya kila uongo. Wangesema London, ningewaonyesha wanavyodanganya. Wangesema hatujaamua, ningewafukuza. Ukweli sikuwa nimeuandalia kitu. Uwanjani wale wanagongana, wanasimama, wanagongana. Wafanyakazi wangu nawajua hivi: mwongo hunionyesha katikati ya chumba, panapong'aa. Mkweli hunipeleka kwenye kona aliyoshindwa kuisafisha. Yule kijana alinipeleka kwenye kona moja kwa moja, na alijua kona hiyohiyo ndiyo ingemnyima mke.

"Mwambie aandike barua," nikamwambia dereva. "Ifungwe leso. Na uilete wewe."

"Edmonton? Nikitoka Croydon? Unajua ni mabasi mangapi hayo?"

"Wewe ndiye dereva."

Aliileta baada ya wiki mbili. Leso imepigwa pasi, viatu kavua bila kuambiwa, akanywa chai vikombe vitatu, mke wangu akacheka mpaka akatoka sebuleni. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Timu gani ilishinda siku ile sijui mpaka leo. Binti yangu yuko Houston, hunipigia kila Jumapili. Namuuliza hali, ananiambia, "Salama, baba." Jibu la kwanza siliamini, na yeye anajua siliamini.

"Kona," namwambia. "Nionyeshe kona."

Hapo ndipo anaanza kunieleza.