Maji Juu ya Madramu ya Lami

Mafuta ghafi yalifika Mombasa kwa meli, yakasafishwa huko, na yale mazito yaliyobaki yakawa lami tuliyomwaga kwenye barabara ya Garissa. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kambi ya barabara karibu na Mwingi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Niliagiza lami kwa simu, nikasubiri malori, nikapokea madramu. Meli ikichelewa kufika Mombasa, kambi nzima ilikaa ikicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Kwa hiyo msimamizi aliniamuru niweke akiba kubwa kabla ya mvua za Novemba.

Dramu la lami likikaa nje hulazwa ubavu, ili maji yasituame juu ya kizibo. Dereva wa lori la kwanza alinieleza hivyo. Nilielewa, lakini uwanja ulikuwa mdogo kwa akiba ile, nikayasimamisha yote.

Mvua iliponyesha, kila dramu lilishika maji kwenye ukingo wake, kina cha vidole viwili. Akina mama waliokuwa wakifukua mchanga wa mto kutafuta maji wakaja na vikombe na mitungi.

"Karani, tuingie?"

"Ingia, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Chota polepole usiyatibue."

"Tangu lini serikali ikatupa maji bila kutuitia mkutano?" mmoja wao akauliza, na wenzake wakacheka.

Nimezaliwa upande wa mji wa Wote, na mama yangu alifukua mchanga vivyo hivyo. Sikuwa na moyo wa kuyaacha maji yale yamwagike. Madramu yalisimama hivyo msimu wote, na maji mengine yakapenya kwenye vizibo.

Mvua zilipokwisha, mpishi wa lami alianza kuyamimina madramu yale kwenye tangi la kuchemshia. Alikuwa mtu wa Nuu, rafiki yangu, tukiimba pamoja kwaya ya kanisa. Lami iliyoingia maji ikipata moto hufura kama maziwa. Ilifura, ikamwagika, ikamchoma mikono yote miwili hadi kwenye viwiko.

"Umezidisha moto!" msimamizi akamfokea, kabla hata hatujampakia kwenye gari la kwenda hospitali.

Rafiki yangu akanigeukia. "Karani, ulikuwa hapa. Moto ulikuwa mkubwa?"

"Sikuangalia," nikasema.

Nilikuwa nimeangalia. Alasiri hiyo niliyalaza madramu yote yaliyobaki, peke yangu. Yeye alipopona mikono aliachishwa kazi, akarudi Nuu.

Nilimfuata huko baada ya kustaafu, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilimkuta akifunga mbuzi, vidole viwili havikunjiki. Nilimwambia yote: mvua, akina mama, vizibo, na jibu langu.

"Miaka yote hii nimejua ni haraka yangu," akasema. "Hata moto wa chai naupunguza."

"Ndiyo maana chai ya hapa huiva watu wakishaondoka," mke wake akasema kutoka mlangoni. Hakuna aliyecheka.

"Na wale akina mama, maji waliyapata?" akaniuliza.

"Waliyapata."

Akamaliza kumfunga mbuzi wa mwisho. "Wewe ndiwe karani. Basi andika. Andika vile moto ulivyokuwa."

Moto haukuwa mkubwa.