Kamba, Mbuzi na Kaptura Yangu

Niliachia kamba ili nipandishe kaptura. Nalisema mwenyewe mapema, maana wenzangu tuliokua nao kambi za mkonge hawasahau kitu.

Sisi watoto wa mkonge wa Muheza tulikuwa na Pasaka mbili: Jumapili ya kusali, Jumatatu ya kuvuta kamba. Kambi yetu kwa kambi ya jirani, mshindi anaondoka na mbuzi. Mbuzi mwenyewe amefungwa palepale, anatutazama, nasi tunamtazama. Kwa watoto waliokula ugali na kisamvu Kwaresima nzima, na kabla ya Kwaresima, ule haukuwa mchezo.

Sasa, Walutheri peke yetu hatukutosha timu, na Wakatoliki vilevile. Tukaungana, ila kila upande ukaja na wimbo wake wa kuvutia kamba. Sisi tukivuta, wao wanapumua; wao wakivuta, sisi tunameza mate. Raundi ya kwanza tuliburuzwa kama magunia.

Katekista wa Wakatoliki akatukusanya. "Nyimbo mtaimba kanisani. Hapa ni 'haya' tu, wote."

Haya! Haya! Raundi ya pili tukashinda, mpaka mchungaji wetu akarusha kofia.

Raundi ya mwisho mimi nikiwa mkiani, kwa sababu ya kitambi, kifungo cha kaptura kikakatika. Nikaachia kamba. Timu nzima ikaanguka kifudifudi, lakini wakaing'ang'ania kamba wakiwa vumbini, na mtu akaguta, "Huyu Mlutheri katuuza!"

Basi Fransisi, Mkatoliki aliyekuwa mbele yangu, akarudisha mkono mmoja nyuma, akanikamata kiunoni. "Vuta wewe. Kaptura ninayo mimi."

Nikavuta. Naye akavuta kwa mkono mmoja, meno nje, mpaka kambi ya jirani ikavuka mstari ikija kwetu. Kila Jumapili mchungaji alituhubiria kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja, nami nikisinzia. Siku ile nilielewa bila mahubiri. Mbuzi tulimla kwenye sinia moja, na hakuna aliyeuliza nani kabatizwa wapi.

Vijana wa leo je? Kila kanisa na bonanza lake, jezi zake, mpiga picha wake. Wakivuta kamba, nusu yao wanajipiga picha, na kaptura zao zinashuka kwa makusudi. Umoja umekwisha, nakwambieni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikimweleza jirani yangu Mama Kidawa Jumatatu ya Pasaka iliyopita, nimejinyoosha barazani na kahawa yangu. Alikuwa akitoka uwanjani kuuza maandazi. Akatua beseni, akanitazama kuanzia miguuni.

"Hao vijana unaowasema wapo uwanjani sasa hivi, makanisa yote mawili pamoja, na upande mmoja wa kamba umepungua mtu. Wametuma mtoto kuja kukuita, ukasema umelala."