Mfuko wa Sukari wa Afande Firimbi

Siku niliyompelekea zawadi mwanamke aliyenifanya nijulikane, watu zaidi ya elfu mbili walikuwa wananitazama laivu.

Nilikuwa na mfuko mkubwa wa sukari begani, shati langu la kaki la zamani mwilini, na firimbi shingoni.

Dakika kumi na moja baadaye nilizima simu. Tangu hapo sijaielekeza kamera kwa binadamu yeyote.

Wengi wenu mliona mwisho ule na mkatukana, na mlikuwa na haki. Lakini mwanzo hamuujui. Naomba niueleze polepole.

Naitwa Othieno. Kwetu ni Mulanda, Tororo, Uganda. Kama ulikuwa na simu mwaka 2013 na ulikaa Busia, upande wowote wa mpaka, basi unanijua kwa jina la Afande Firimbi.

Wakati ule mtu wa video za mtandaoni alionekana hana kazi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kukata picha kwenye saiba moja upande wa Kenya, kwa sababu huko intaneti ilikuwa nafuu. Video ya dakika mbili ilipanda kwa mchana mzima. Nilikaa pale nikiulinda ule mstari unaojaa kwenye kioo, kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Nilikuwa na daftari. Kila nilipomwonyesha mtu video, niliandika alicheka wapi. Asipocheka, nilikata.

Mshika kamera wangu alikuwa rafiki yangu Egau. Komedi yetu ilikuwa moja tu.

Busia kuna wanawake waliokuwa wanavusha sukari kwa njia za panya. Wanaifunga tumboni, wanavaa gomesi juu, lile gauni pana la mshipi, ukiwaona unasema ni wajawazito. Mimi nilijificha nyuma ya kibanda cha mkaa, nikatokea na kaki yangu kama askari wa forodha, nikapuliza firimbi.

"Mama! Simama! Hiyo mimba ni ya miezi mingapi?"

Wengine walikimbia. Wengine walinijua, wakanitukana vizuri.

"Mbwa wewe! Njoo umwone baba yake!"

Watu walicheka, nao wenyewe walicheka, tukaachana. Sikuchukua mali ya mtu. Nilijiambia hivyo kwa miaka: sikuchukua mali ya mtu.

Halafu siku moja mwaka 2014 akapita mmoja ambaye hakunijua.

Nilipopuliza, hakukimbia wala hakutukana. Alipiga magoti kwenye vumbi.

"Afande, nihurumie. Mimi nakwenda lipa fizi ya masomo ya mtoto."

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia, mama, ni mchezo, inuka. Nilijua. Lakini kwa pembe ya jicho nilimwona Egau anaisogeza kamera karibu, na kikundi kilikuwa kimeanza kukusanyika.

Nikapuliza tena.

"Zaa sasa hivi tuone!"

Watu walianguka kwa kicheko. Yule mama akaanza kufungua kamba. Kamba ikakatika. Mfuko ukaanguka ukapasuka, na mshipi wa gomesi ukaenda nao. Akabaki na gauni la ndani mbele ya soko zima.

Sasa sikilizeni alichofanya. Alivuta leso kichwani, na badala ya kujifunika mwili, akajifunika uso.

Akaondoka hivyo, akipapasa njia kwa miguu, sukari imebaki chini.

"Afande," Egau akaninong'oneza, "hii ni dhahabu."

Tuliiita "Mimba ya Sukari". Ilihama kutoka simu hadi simu kwa bluetuthi, ikauzwa kwenye memori kadi, ikafika mpaka Kisumu na Mbale. Sura ya yule mama haikuonekana vizuri na sauti yake ilimezwa na kicheko, lakini yangu ilisikika vizuri. Nikawa mtu wa kualikwa harusini. Nikipuliza firimbi, ukumbi mzima unajibu: "Zaa sasa hivi tuone!"

Mtu akiniuliza yule mama alikuwa na sura gani, ningeshindwa kujibu. Nilikuwa nimetazama tumbo.

Mwaka 2018, kwenye harusi moja Tororo, ukumbi wote ulijibu firimbi yangu isipokuwa mwalimu mmoja aliyekaa karibu na mlango. Nilimfuata baadaye.

"Dada, komedi yangu haikukufurahisha?"

"Wewe ukinyamaza ni mtu mzuri," akasema. "Jaribu kunyamaza zaidi."

Huyo ndiye Acom. Mke wangu.

Kwao ni Merikit, ni Waiteso. Baba yake alikuwa ameshafariki. Siku ya kujitambulisha, shangazi mmoja mnene mwenye maneno mengi, Alungat, mdogo wa mama mkwe, alinivuta pembeni kabla sijaingia uani.

"Mwanangu, kwetu hapa mkwe haangalii uso wa mama mkwe. Akipita, wewe geuka. Yeye naye atajificha. Umeelewa, ama nyinyi watu wa video hamuelewi?"

"Nimeelewa, shangazi."

Nikaingia. "Hodi hapa!"

Jikoni sufuria ikaanguka kishindo. Watu wakacheka, wakasema mama ameshikwa na wasiwasi wa kupata mkwe.

Tuliletewa chai. Haikuwa na sukari. Nikanywa. Mara ya pili, vilevile. Kila Krismasi, vilevile. Nikafanya hata komedi fupi: "Ukweni kwangu chai ni ya wagonjwa." Watu walicheka.

Kwa miaka sita nilimjua mama mkwe kama sauti nyuma ya ukuta. Alisema Kiteso tu, nami Kiteso changu kinaishia kwenye salamu. "Yoga," nasema. "Yoga," anajibu ukuta.

Katika ukoo wao mkwe akishakaa vizuri huleta mbuzi. Mama mkwe akimpokea, basi, mnaonana na kujificha kunaisha. Niliomba kuleta mbuzi mara tatu. Mara tatu alikataa.

"Mama ni mtu wa zamani sana," Acom aliniambia. "Mwache."

Nilimheshimu kwa hilo. Nilidhani ananiheshimu.

Miaka ikapita, vijana wakaja na simu nzuri na kucheza kwao. Video yangu ikawa inatazamwa na mimi na Egau. Mwaka 2024 mwenye duka moja la simu aliniambia angenichukua kwa matangazo kama ningewarudisha watu wangu.

Egau akaja na wazo. "Afande, miaka kumi ya Mimba ya Sukari. Tumtafute yule mama. Tumrudishie sukari yake, laivu. Watu watalia machozi."

Mnaona wazo lilivyokuwa zuri? Hata mimi niliamini ni la kuomba msamaha. Lakini mtu anayeomba msamaha haulizi kwanza betri ina asilimia ngapi.

Miezi mitatu tulitafuta. Mwisho tukampata Nangila, mama wa Kisamia anayeuza omena upande wa Kenya, ambaye zamani alikuwa anapokea zile sukari.

"Huyo namjua. Sisi tulimwita Mama Kimya," akasema. "Baada ya ile ujinga yenu hakurudi tena. Nilifika kwake mara moja, kwa matanga ya mzee wake. Ni Merikit."

"Merikit ni ukweni kwangu!" nikasema kwa furaha. "Hata hatutapotea."

Nangila alikubali kutupeleka, ila kwa njia aliyoijua yeye, ile ya kutokea upande wa bwawa, katikati ya mashamba ya mtama. Mimi siku zote nilifika Merikit kwa barabara kubwa. Njia ile sikuijua hata kidogo.

Egau akawasha laivu. Nikapuliza firimbi. Nikaeleza habari ya sukari. Mioyo myekundu ikaanza kupanda kwenye kioo.

"Ni ile boma pale," Nangila akasema. "Tunaingilia nyuma."

Niliona ukuta wa nyuma wa jiko. Sikuwa nimewahi kuuona kwa upande huo.

Kisha nikaona turubai la buluu limetandazwa, limeanikwa mihogo. Kwenye pembe lilikuwa na kiraka cha kitambaa chekundu.

Kile kiraka nilikishona mimi. Turubai lile nililinunua mimi, Krismasi iliyopita, nikamletea mama mkwe.

Nataka niwe mkweli hapa, maana hapa ndipo aibu yangu inapokaa. Nilielewa palepale. Miguu ingeweza kusimama.

"Elfu mbili na mia tatu!" Egau akanong'ona. "Endelea, Afande, endelea!"

Nikaendelea. Hatua kumi na mbili. Nimezirudia kichwani mara nyingi, ni kumi na mbili.

Mama mmoja mwembamba alikuwa ameinama anageuza mihogo. Alisikia nyayo, akainuka, akageuka. Akaniona. Nami, baada ya miaka sita ya kugeuka na kutazama chini, nikauona uso wa mama mkwe wangu pamoja na watu elfu mbili na mia tatu.

Ana uso wa Acom.

Aliiona kaki. Aliiona firimbi. Aliiona simu. Akavuta leso kichwani, akajifunika uso, akapiga magoti kwenye mihogo.

Akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Afande, nihurumie."

Mfuko ulinitoka begani. Nilimnyang'anya Egau simu, nikaizima, lakini nilichelewa. Tororo, kwenye chumba cha walimu, mwenzake Acom alikuwa amemshikia simu usoni akicheka: "Mwalimu, njoo uone bwana wako!"

Nilipofika nyumbani, Acom alikuwa anakunja nguo za mtoto wetu, Osire.

"Ada yangu ya chuo," alisema bila kunitazama. "Kila muhula mama alisema ameuza mihogo."

"Acom, sikujua ni yeye."

"Baba Osire, na kama angekuwa mama wa mtu mwingine?"

Aliondoka na mtoto.

Nilifuta chaneli yote usiku uleule. Haikusaidia kitu. Ile video ina wenyewe kila mahali, mpaka leo.

Wiki ya pili alikuja shangazi Alungat. Nilidhani ameleta matusi. Aliketi, akakataa maji.

"Othieno, unakumbuka siku ya kwanza? Ulisema hodi, sufuria ikaanguka?"

"Nakumbuka."

"Dada alikujua kwa sauti. Aliniita jikoni, akaniambia, ni yule. Nikamwambia, basi tumfukuze! Tumwambie Acom! Yeye akasema, Acom amempenda. Mila itanificha."

Akajifunga leso upya, akaendelea.

"Na kila ulipoomba kuleta mbuzi, alilia siku mbili. Alisema, nikimwonyesha uso ataukumbuka, ataona haya, nyumba ya mtoto itavunjika. Alikuwa anakufichia wewe."

Ningewezaje kumwambia kwamba hata angeniketisha mbele yake mchana kutwa nisingemkumbuka?

"Na chai?" nikauliza.

"Tangu siku ile hajaingiza sukari nyumbani. Wewe ukaenda kuchekesha watu na hiyo chai."

Mwezi uliofuata nilikwenda Merikit. Simu niliiacha Tororo. Sikubeba kitu. Mzee Ecodu, shemeji yake mama mkwe, alinionyesha kigoda uani, mgongo wangu ukielekea jiko. Akaniletea chai, akaondoka.

Nilisema yote niliyokuwa nayo. Hayakuwa mengi. Chai ilipokwisha kupoa, sauti ikatoka ukutani.

"Othieno."

Hakuwa amewahi kunitaja jina.

"Naam, toto." Hivyo ndivyo Waiteso wanavyomwita mama.

"Ile siku, sukari ilibaki pale chini. Nani aliizoa?"

Mnajua, katika mambo yote niliyojiandaa kuulizwa, hilo halikuwamo.

"Ni sisi, toto. Mimi na Egau. Tulinywea chai wiki nzima."

Miaka yote ile nilikuwa nikijiambia sikuchukua mali ya mtu.

"Ilikuwa na mchanga?"

"Ilikuwa na mchanga mwingi sana."

Nyuma ya ukuta nilisikia kitu. Sijui kama alikohoa ama alicheka. Nilitamani kugeuka. Sikugeuka.

"Hiyo habari," akasema mwishowe, "watu wameiona vibaya mara mbili. Kama lazima useme, sema. Lakini picha hapana. Andika tu."

Ndiyo maana leo mnasoma, hamtazami.

Acom alirudi mwezi wa tatu tangu aondoke. Hatuliongelei sana. Siku moja Osire aliikuta firimbi kwenye droo, akaipuliza ndani ya nyumba. Mama yake aliichukua kwa upole, akaenda nayo chooni, akarudi mikono mitupu.

Wewe unayeshika simu leo na kutafuta kicheko cha watu, mimi si wa kukuhukumu. Nakuomba jambo moja tu. Kabla hujabonyeza, mtazame mtu usoni mpaka uwe na uhakika kwamba ukikutana naye tena baada ya miaka kumi utamjua. Ukishamtazama hivyo, nadhani utaishusha simu mwenyewe.

Mbuzi nimeshanunua. Nimemfunga nyuma ya nyumba, ni dume jeupe, anakula vizuri. Mama mkwe hajasema nimlete.

Nasubiri. Akisema leo, nitaondoka leo, kwa miguu, kwa barabara kubwa.