Alama ya Sikio Kule Kimulot

Nilitoka Chebunyo kwa sababu ya mguu wa mume wangu. Alianguka akipigilia mabati ya paa la kanisa letu, mfupa wa paja ukavunjika, na daktari akasema bila kuwekewa chuma hatatembea tena. Pesa ya chuma hatukuwa nayo. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani na mbuzi tulishauza. Kina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Niliitikia Amina kwa sauti kubwa, lakini moyoni nilitetemeka kama kuku aliyesikia kwamba kesho ni Krismasi.

Mama yangu ndiye aliyenionyesha njia. "Marehemu babako alikuwa na rafiki Kimulot, arap Koros. Waliingia jandoni pamoja. Enda umuombe akukopeshe."

"Hata hanijui, mama."

"Mungu anakujua. Enda tu."

Asubuhi nilipanda lori la jirani aliyekuwa akienda kununua kabeji. Tuliacha vumbi na miiba ya kwetu, tukapita Bomet, kisha vilima vikaanza kuvaa chai. Kila upande ilikuwa kijani tupu, imenyooka kama shuka lililotandikwa na mtu asiye na haraka. Hewa ikawa baridi, na harufu ya majani mabichi ikaingia hadi ndani ya lori. Nilishangaa mpaka nikaona uchungu. Nikamuuliza Mungu, kwa jeuri kidogo, kama sisi wa kule chini anatujua.

Kimulot nilifika mchana, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Mau. Wanawake waliokuwa wakichuma chai walinielekeza. Arap Koros alikuwa ameketi karibu na moto, amevaa sweta nzito, macho yake yamefunikwa na utando mweupe.

"Chamge," nilimsalimia, nikamtajia jina la baba yangu.

Aliugeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Wewe ni mtoto yake kweli?"

"Ndiyo, mzee."

Sikuwa hata nimetaja mkopo. Alichukua fimbo yake akasema, "Kuja zizini."

Kulikuwa na ng'ombe wawili wakubwa na mtamba mmoja. Alipapasa sikio la wa kwanza akaniambia niangalie. Lilikuwa na mikato miwili juu na mmoja chini. Hiyo ni alama ya boma letu! Nimeiona tangu utoto, baba akiwakata ndama wetu.

"Hizi ni ya babako," alisema. "Alinipa moja nimchungie, ile wakati ugonjwa ilikuwa inamaliza ng'ombe huko kwenu."

Wazee wetu walifanya hivyo. Waligawa mifugo kwa marafiki kimyakimya, ili ugonjwa au jicho baya lisiwakute wote katika zizi moja. Hata mama hakuambiwa. Ng'ombe wa kwanza alikufa zamani, lakini arap Koros alikunywa maziwa tu, na kila ndama jike aliyebaki zizini alimtia alama ya baba. Alama ya mtamba ilikuwa imepinda kidogo, kwa sababu aliikata bila kuona.

"Mbona hukutuma mtu, mzee?"

"Nilituma, hakuna jibu. Na macho imeisha. Nikaambia Mungu, lete mtoto yake kabla sijakufa. Kila jioni nasema hiyo."

Nilipiga magoti pale pale kwenye samadi nikalia. Uzao wa ng'ombe aliyepandishwa mlima ule nikiwa msichana wa shule ulikuwa unakuja kuponya mguu wa mume ambaye sikuwa hata nimekutana naye. Mke wa mzee alininyanyua, akanipa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akaniimbia kama mtoto.

Kesho yake lori la kurudi kwetu lilipakia kabeji pamoja na ng'ombe wawili.

"Na hii mtamba?" arap Koros aliuliza.

Nilimtamani, sisemi uongo. "Ikae hapa, mzee."

"Nimchungie nani?"

"Mtu wa kwetu atakayekuja akiogopa."

Alicheka, akalitafuta sikio la mtamba kwa vidole.

Ng'ombe wale walilipia chuma. Mume wangu anatembea sasa kwa mkongojo, na ameanza kuyakodolea macho mabati yale tena. Mimi bado ni mwoga. Bei ya unga tu hunikosesha usingizi. Lakini nikipiga magoti siku hizi, siombi tena kama mtu anayemwamsha Mungu.