Maharage Yenye Madoa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa sehemu yake moja inanichanganya hadi leo. Nilikuwa mke mgeni hapa Kasulo. Kwetu ni Nyakahura, kwa Wasukuma wenye ng'ombe, na kilimo nilikuwa nabahatisha tu. Mama mkwe wangu akaitwa aende Lusahunga kumuuguza binti yake, akaniachia shamba la maharage ya mbegu, yale ya mchanganyiko, mekundu na ya njano pamoja, aliyorithi kwa mama yake.

"Ukiona ugonjwa, ng'oa," akaniambia. "Haya yakifa, hatuna mbegu nyingine."

Sikuuliza ugonjwa wenyewe unafananaje. Mke mgeni, unajua tena, anaogopa kuonekana mjinga.

Hazikupita siku nyingi, baadhi ya miche ikatoka vidoa vya kahawia kwenye majani, vidogo, vikavu, kama vimechomwa na cheche. Mingine ilikuwa ya kijani kabisa, inapendeza. Kwetu ng'ombe akitoka vidonda tunamtenga. Basi nikang'oa kila mche wenye doa, nikawapa mbuzi. Nikachoka kabla sijafika ukingoni, kwenye migomba, nikajiambia nitamalizia kesho. Hiyo kesho haikufika, nisikudanganye.

Kisha ile ya kijani ikageuka. Chini ya majani ukatoka unga mwekundu kama kutu, ukiugusa unashika vidoleni, na majani yakaanza kuanguka. Nikasimama katikati ya shamba sielewi kitu. Migonjwa nimeitoa, sasa mizima inakufa kwa nini? Nililia, mwanangu. Nilijua narudishwa Nyakahura.

Mama mkwe akarudi. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akalizunguka shamba lote mpaka kwenye migomba, akainama. Ile miche ya vidoa niliyoiacha ilikuwa imesimama vizuri, ina maganda.

"Hii mbona hukuing'oa?"

"Nilichoka, mama."

Akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Marahaba," akasema. "Uvivu wako umetuachia mbegu." Halafu akakaza uso. "Lakini hukujua, na bado ukang'oa. Ungeningoja, nani angekupiga?"

Nikamuuliza inakuwaje yenye madoa ipone. Akasema hata yeye hajui, ila ameshaona hivyo zamani.

Juzi juzi mjukuu wangu anayesomea kilimo ndiye aliyenieleza. Ati ugonjwa ukitua kwenye jani lenye nguvu, jani linaamsha kimeng'enya chake, yaani kitu cha ndani ya mmea kinachoharakisha kazi, na pale palipoguswa panakaushwa ili ugonjwa ukose njia. Jani dhaifu halina habari, linabaki kijani huku ugonjwa unazaliana ndani. Hapo nikaelewa. Akaongeza kwamba vimeng'enya vya aina hiyo hiyo, jua likizidi, husafisha sumu ndani ya mmea usiharibike. Hapo nikapotea tena. Kitu hicho hicho kichome huku, kiponye kule? Akanichorea na kunichorea mpaka chai ikapoa. Nikaitikia tu, nisimkatishe tamaa.

Nimezeeka, mengi siyaelewi, wala sioni haya kusema. Ninachokuomba ni hiki, mwanangu: ukiwa umechanganyikiwa, mkono wako usiwahi kung'oa. Uliza, hata wakikucheka. Na ukimwona mtu ana makovu ya maisha, usiharakishe kusema ameharibika. Pengine ndiye aliyepigana, na huyo anayeng'aa bado hajaguswa.

Mungu akupe subira, akulindie nyumba na watoto, mbegu isikatike kwako. Haya, chukua kikapu hiki cha maharage ukapande. Ni uzao wa yale ya kwenye migomba.