Ubavu wa Ndama

Shangazi yangu Kabula hakuna kinachompita. Naishi naye hapa Migato tangu nilipoacha shule darasa la nne, na bado sijamzoea.

Siku moja mchana jirani yetu Limbu, mtu mzima mwenye wake wawili, alirudi kutoka lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, na ng'ombe wote aliowachunga isipokuwa yule wa shangazi. Huyo alikuwa na mimba, na ndiye pekee aliyembakia shangazi tangu mume wake afe.

"Labda fisi kashamla," Limbu alisema.

"Acha uchuro," shangazi akamjibu. "Twende."

Lamboni tope lilikuwa limevurugwa na kwato za ng'ombe wa kaya nzima nzima.

"Hapa hata mbwa wa polisi angeomba likizo," Limbu akacheka.

Shangazi alichuchumaa. Halafu akaniuliza, "Wewe uko wapi?"

"Nipo hapa, shangazi."

"Hapana. Uko kwa fisi. Rudi."

Ni kweli, mawazo yangu yalikuwa kwa fisi. Shangazi aligusa alama moja ya kwato. "Huyu hapa. Kwato imemeguka ncha. Amezunguka mara mbili. Anatafuta pa kuzalia."

Tukafuata nyayo. Njiani nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema ni baba yake, mzee Mwandu. Kila jioni kabla ya ugali alimuuliza: nani amekunywa wa mwisho, nani anachechemea? Asipojua, anarudishwa zizini akaangalie, chakula kinasubiri.

"Mwanzo niliangalia kwa njaa," alisema. "Baadaye nikapenda."

Tulimkuta ng'ombe kwenye ua wa minyaa wa boma lililohamwa, amelala, mguu mmoja wa ndama uko nje. Shangazi aliingiza mkono, akafumba macho. Alikaa hivyo muda, kama anayesikiliza kwa vidole. Akaupata mguu wa pili, akaunyoosha, akavuta. Ndama akateleza nje, hatikisiki.

"Pole, Kabula," Limbu alisema kwa sauti ya msibani. "Amekufa."

"Pole ya nini? Angalia ubavu."

Tukainama. Chini ya ute, ngozi ilikuwa inatetemeka kidogo sana, kama maji yaliyopulizwa. Macho yangu yalikuwa hapo muda wote, na sikuona!

Shangazi alimtekenya puani kwa unyasi. Ndama akapiga chafya. Mama yake akageuza shingo, akaanza kumlamba.

Limbu alivua kofia. Mimi nilichuchumaa pale pale, nikiangalia ubavu ule mdogo ukipanda na kushuka, na sikutaka kuwa mahali pengine popote.