Chetezo Chini ya Kiti cha Bibi wa Kiingereza

Siku ile tulikuwa wanne. Mimi, mfagiaji. Binti yangu, mpishi. Wifi yake kutoka Kenya, dada wa mumewe, mwosha vyombo. Na mwenye baa, Mwingereza mzee aliyeoa hapa Stockholm akabaki. Majina yao ninayo yote, hata la marehemu mama yake Mwingereza, ila wamenikataza kuyaandika.

Huyo mzee alizaliwa ndani ya baa ya kijijini kwao Uingereza, kongwe sana. Ilipofungwa akaleta huku kiti kimoja cha mbao, pamoja na hadithi zake: kuna bibi aliyekufa akimngoja mumewe, hukikalia, na kuna mzimu wa askari hugonga mapipa chini ghalani. Basi kiti hakisogezwi. Wateja wanasikiliza, wanaagiza bia nyingine.

Sasa wifi alikuwa kwenye majaribio. Imebaki wiki moja apewe kazi ya kudumu, aweze kuwaleta wanawe wawili. Lakini viazi vinawekwa chini ghalani, karibu na mapipa ya bia, na kushuka kule hawezi kwa woga. Binti yangu ndiye anamshukia, na mzee ameanza kuuliza.

Jumamosi asubuhi wifi akavua aproni.

"Mama, mimi siwezani. Kuna kitu kinagonga."

"Bomba la maji moto hilo, mwanangu."

"Bomba gani linagonga mara tatu?"

Nikatoa chetezo mfukoni. Nilikuja nacho kwenye treni kutoka Hallonbergen, nimekifunga kanga. Kwetu nyumba ikisumbua inafukizwa ubani, yamekwisha.

"Mama, mimi ni Mkristo!"

"Na mzimu ni Mwingereza. Shika hapa."

Makaa yamekolea, ubani ndiyo kwanza unanukia, tukasikia ufunguo mlangoni.

"Mama, ficha!" binti yangu akasema. "Atatufukuza sote!"

Nikakisukuma chini ya kile kiti. Mambo ya kuungua mbao sikuyawaza.

Mzee akaingia, akasimama. Moshi unapanda polepole, unakizunguka kiti kitupu kama mtu anayejitanda mtandio. Akavua kofia. "Amekuja," akasema kwa Kiswidi. Kisha akageuka akatoka mbio, mlango ukambana koti.

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Miaka yote anatisha watu, kumbe mwenyewe hajawahi kumwona!" Akavaa aproni, akachukua beseni, akashuka kuleta viazi, anacheka ngazi zote. Tangu hapo anashuka peke yake.

Kesho yake binti yangu alimweleza mzee ukweli, akamwonyesha chetezo. Mzee akasema, "Wateja wasijue." Wifi akapata kazi yake. Wanawe wako naye mtaani Husby sasa, akiwaita wanamjibu kwa Kiswidi. Na mimi mzee ameniomba nifukize chini ya kiti kila Jumamosi.

Binti yangu anashikilia kwamba mzee hakuvua kofia, eti hakuwa nayo. Mimi naiona mpaka leo, ya kijivu. Nawe msomaji, ukipita pale ukaambiwa vingine, njoo unisahihishe. Ila kama ni habari ya kofia, jiandae kubishana.